Hatua Thelathini

Kazi yangu ni kuhesabu visiki.
Nina kamba, vigingi vinne,
daftari la manjano lililomwagikiwa chai,
na kalamu ya risasi, maana wino hukauka
katika jua hili la kusini mwa Kalifonia
kabla sijafika mstari wa nane.

Jenasi yenyewe ndogo, spishi mbili basi:
kifungua mimba na kitinda mimba.
Mkubwa ana majani membamba kama sindano,
yamekaa vicha vicha, yananuka mafuta.
Wamexico humwita chamiso.
Maua yake meupe, madogo kama chenga za mchele,
ikifika Agosti yameshika kutu.
Mdogo ni mrefu, gome lake jekundu
hubanduka nyuzi nyuzi, likaning'inia,
kama mtu aliyeitwa mlangoni
kabla hajamaliza kuvaa.

Moto ulipita hapa Oktoba.
Sitausimulia. Wanaousimulia hawakuuona,
na waliouona hunieleza habari za paka,
za picha ya harusi, za kitasa kilichoyeyuka.

Sasa ni Februari, mvua imenyesha mara tatu.
Mraba wa kumi na tisa umeangukia
kiwanja cha Anselmo Barragán.
Zimebaki ngazi tatu za saruji zisizopanda popote
na jiko limelala chali.
Yeye yupo, miaka sabini na kitu,
jembe begani.

"Unahesabu nini, binti?"
"Visiki."
"Vilivyokufa au vilivyo hai?"
"Vyote. Safu mbili."
Akacheka kwa pua.

Akanionyesha kimoja upande wa magharibi:
kinundu cheusi, kikubwa kama kichwa cha ndama,
nusu kimo udongoni. Juu yake, vichipukizi.
Nilihesabu kumi na kimoja,
kijani kibichi cha kuchoma macho
katikati ya majivu yale.

"Huyu," akasema, "nimempiga jembe miaka ishirini na miwili.
Mkaguzi wa zimamoto alikuja kila Juni na karatasi:
hatua thelathini kutoka mlangoni, pasionekane kichaka.
Nikakata. Nikamwaga chumvi mizizini.
Ofelia akalilia nyuki wake,
nikamwambia, nyuki si nyumba.
Haya, nyumba haipo. Ofelia yuko Fresno kwa dada yake,
anasema harudi kuishi ndani ya kiberiti.
Nyuki sijui.
Aliyerudi ni huyu tu. Adui yangu."

Daftari langu halina safu ya maneno hayo.
Nikaandika: hai, 11.

Nilipokuwa nazungusha kamba
nikamwona amerudi kwenye ngazi,
kisigino amekibana kwenye saruji
kama mpigaji wa penalti anayepima goli,
akaanza kuja. Moja. Mbili.
Kwa sauti, kwa Kihispania,
jembe sasa mkononi.
Nilikwisha kupapima, nilijua:
kisiki kiko hatua ya ishirini na saba,
hatua za mtu mwenye shughuli zake.

Lakini hatua zake zilikuwa zinapungua.
Kwenye kumi na tano alitembea kama bibi harusi.
Kwenye ishirini, kisigino kinagusa kidole.
Ishirini na saba, bado yuko kwenye vigae vilivyovunjika.
Thelathini aliivuta, akaitamka,
akasimama. Akalichomeka jembe chini.
Kisiki kilikuwa mbele yake,
mbali kuliko mkono ulionyooshwa.

"Kiko nje," akasema. "Au umeona vingine?"

Mimi ninayelipwa kwa usahihi
nikatazama kamba, nikatazama nyayo zake
zilizobanana kwenye majivu kama punje za hindi,
nikasema kiko nje.

Hakujibu. Alikuwa anafikicha jani,
ananusa vidole.
Nilipoinama kung'oa kigingi cha mwisho
nikakiona cha kumi na mbili, chini ya ukingo,
kidogo kuliko ukucha.
Nikafuta ile 11.